Kwenda masaa 7, kurudi masaa 22? Hesabu ya ndege ya Nairobi mpaka New York

Mama mdogo anaenda kumwona mjukuu. Binti yake kajifungua huko New Jersey, tiketi ikatumwa kwenye grupu la familia kama picha, na tangu picha ile iingie hakuna aliyepumzika. Dar mpaka Nairobi, Nairobi mpaka New York. Ndani ya dakika kumi kila mtu ana namba yake. Kaka mkubwa kaandika kutoka Nairobi ni 11,840. Shemeji kasema acheni uongo, ni 7,355, kaangalia mwenyewe. Binamu yetu mmoja anayependa sana mambo ya ndege kaja na 6,390 na kuapa juu. Halafu shemeji huyo huyo, ambaye hajawahi kukubali kushindwa ubishi tangu aoe kwetu, akaikuza ile picha ya tiketi akaona kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25. "Masaa saba! Mnatutisha bure, hiyo si ni Dar Dodoma na basi?" Akashuka chini kwenye tarehe ya kurudi: kuondoka New York 12:25, kufika Nairobi 10:55 kesho yake. Ukihesabu kwa vidole unapata masaa 22 na nusu. Grupu likanyamaza.

Mama mdogo mwenyewe akanipigia pembeni. "Mwanangu, mie hizo kilomita hazinihusu. Nitakaa kwenye kiti masaa mangapi? Miguu yangu unaijua."

Masaa 15 kwenda. Kurudi 14 na nusu. Na wale watu watatu wa kilomita wote walikuwa sahihi, sema hakuna aliyemuuliza mwenzie anapima kwa kipimo gani. Basi nikaona bora niandike yote kwa mpigo mmoja, maana hii mada kila mtu akisafiri inarudi upya.

Kwanza tukubaliane maneno, ubishi mwingi unatokea hapo. Kuna umbali, yaani kipande cha dunia kilichopo kati ya mji na mji, huo haubadiliki leo wala kesho. Kuna muda, yaani unakaa hewani kwa muda gani, huo unabadilika kila siku. Na kuna saa ya ukutani, inayokwambia sasa hivi ni saa ngapi mahali ulipo. Najua mwalimu wa Kiswahili atanitafuta kwa hili neno "masaa" lakini leo nalitumia kwa makusudi: nikisema masaa namaanisha muda, nikisema saa namaanisha ile ya ukutani. Shemeji alichukua saa mbili za ukutani za miji miwili tofauti akatoa moja kwa nyingine akadhani amepata masaa. Hapo ndipo ilipoharibika.

Tuanze na umbali kwa sababu ni rahisi. Uwanja wa Jomo Kenyatta mpaka uwanja wa JFK ni kama kilomita 11,840. Ukiuliza kwa maili za kawaida, zile za Wamarekani, inakuwa kama 7,355. Na watu wa ndege na meli wana maili yao nyingine kabisa, maili ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852, kwa hiyo kwao ni kama 6,390. Ni njia moja hiyo hiyo, kama vile mchele ule ule mmoja anaupima kwa kilo na mwingine kwa kibaba. Ukiona namba ya umbali mtandaoni haina kipimo pembeni, usigombane na mtu.

Sasa huo umbali unapimwaje wakati dunia ni duara? Chukua chungwa na uzi. Weka kidole kwenye alama ya Nairobi, vuta uzi mpaka New York, ukaze kabisa. Uzi ukikazwa unatafuta wenyewe njia fupi kuliko zote, na hiyo ndiyo marubani wanaianzia. Kwenye ramani ya darasani, ile bapa ya ukutani, ukipiga rula kutoka Nairobi mpaka New York mstari unakatiza Nigeria, unapita Mali, unaingia baharini. Uzi wa chungwa haupiti huko. Unaelekea kaskazini magharibi tangu mwanzo: Uganda, Sudan Kusini, Chad, kaskazini ya Niger, jangwa la Algeria, na nusu kamili ya safari unaikuta karibu na Marrakech, Morocco. Mimi mwenyewe nilipoipiga hesabu nilishangaa, nani angefikiri katikati ya Nairobi na New York ni Morocco. Tofauti ya uzi na rula ni kama kilomita 350. Ramani bapa inadanganya kwa sababu unapolibandua ganda la chungwa ukalilaza mezani lazima lipasuke au ulivute mahali, na ramani nyingi za darasani zimevutwa huku juu kaskazini mpaka Greenland inaonekana inalingana na Afrika.

Ila uzi ni wa kwenye karatasi, angani kuna wenyewe. Kila nchi ina anga yake na inaweza kulifunga. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 anga lake lilifungwa, na Sudan lilipo ni katikati kabisa ya njia ya ndege za Afrika Mashariki kwenda Ulaya, ikabidi wazunguke, wengine upande wa Bahari ya Shamu, wengine upande wa Chad. Mabaya zaidi yaliwakuta wa Helsinki, Finland. Tangu mwaka 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti anga la Urusi, na safari ya Helsinki mpaka Tokyo iliyokuwa inachukua kama masaa 9 na nusu ikawa kama 13, ndege nyingine zinapitia juu ya ncha ya kaskazini ya dunia. Miji haijasogea hata hatua moja.

Haya, muda. Ndege ya njia hii ni Boeing 787, Dreamliner, na ikishatulia juu inakwenda kama kilomita 900 kwa lisaa limoja. Gawa 11,840 kwa 900 unapata masaa 13 na dakika chache. Sasa mbona tiketi ni 15? Hapa nataka ufikirie basi la Mwanza. Dereva anakwambia gari linatembea 80, lakini mbona hesabu ya 80 haikufikishi? Kuna kutoka Kimara kwenye foleni, kuna mizani, kuna kusimama kula, kuna askari. Ndege nayo hivyo hivyo. Muda wa kwenye tiketi unaanza kuhesabiwa ndege inapoachana na geti, sio inaponyanyuka, na unaisha ikishapaki kwenye geti la huko. Katikati kuna kujikokota kwenda kwenye njia ya kurukia, kupanga foleni, kupanda taratibu, kushuka taratibu, kusubiri zamu ya kutua, na JFK foleni yake angani ni ya kweli. Juu ya hapo shirika linaongeza dakika za akiba. Ndio maana unasikia rubani anajisifu "tumefika dakika 25 kabla ya muda", abiria wanapiga makofi, kumbe zile dakika zilishawekwa kwenye ratiba miezi mingi nyuma.

Lakini kikubwa kuliko vyote ni upepo, na hapa watu wa pwani hamtakiwi kufundishwa. Babu zetu walikwenda Oman na kurudi kwa kaskazi na kusi. Kaskazi ikivuma majahazi yanakuja huku, kusi ikiingia yanarudi, na nahodha aliyeng'ang'ania kupingana na upepo alikuwa anatafuta kifo au umaskini. Huko juu, kilomita kama 9 mpaka 12 kutoka ardhini, upande wa kaskazini ya dunia, kuna mito ya upepo inayokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki, kasi yake mara nyingi inapita kilomita 150 kwa lisaa na majira ya baridi inaweza kuvuka 300. Tofauti yake na kusi na kaskazi ni kwamba huu haugeuki na majira, unasogea juu au chini kidogo, unalegea au unakaza, lakini mwelekeo wake ni ule ule. Ndege inayokwenda Marekani inakula upepo wa uso. Inayorudi inasukumwa mgongoni.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020 kulikuwa na dhoruba kubwa Ulaya, na ndege ya British Airways aina ya 747 ikatoka New York ikafika London kwa masaa manne na dakika 56 tu, wakati kawaida ni kama sita na nusu. Kuna muda kasi yake kwa kipimo cha ardhini ilivuka kilomita 1,300 kwa lisaa. Watu wakasema imevuka kasi ya sauti. Haikuvuka. Ukiwa kwenye mtumbwi unashuka Rufiji unapiga kasia kawaida tu, mtu aliyesimama ukingoni anakuona unakimbia kama umefunga injini, ila wewe na maji mnajua ukweli. Ndege ile ndani ya hewa yake ilikuwa inakwenda mwendo wake wa siku zote, sema hewa yenyewe ilikuwa inahama.

Na hapa ndipo shemeji alipopata nguvu mpya. Akaandika: "Sio upepo. Ni dunia inazunguka. Ukienda magharibi mji unakufuata wenyewe." Nimesikia hii mpaka kwa watu wenye shahada. Kwanza ingekuwa hivyo basi kwenda Marekani kungekuwa ndiko kwa haraka, na ni kinyume. Pili, dunia hapa kwetu karibu na ikweta inazunguka kuelekea mashariki kwa kama kilomita 1,670 kwa lisaa, yaani kama mita 460 kila sekunde. Simama Kariakoo urushe embe juu, likae hewani sekunde moja, likirudi lingetakiwa kuangukia karibu nusu kilomita upande wa magharibi. Si linarudi mkononi? Kwa sababu embe, wewe, Kariakoo na hewa yote mnazunguka pamoja. Nzi ndani ya basi la Mwanza hagongwi na kioo cha nyuma basi likikimbia, anaruka zake anatua kwenye chapati ya mtu, maana hewa ya ndani ya basi inasafiri na basi. Ndege ni yule nzi. (Kwa haki tu niseme mzunguko wa dunia unachangia kuelekeza hiyo mito ya upepo iende mashariki, kwa hiyo shemeji yuko kwenye mtaa wa jirani na ukweli, ila nyumba amekosea.)

Kuna swali lingine aliuliza binamu na ni zuri: kama teknolojia inakua, mbona ndege haziongezi mwendo? Ndege za abiria za injini za jeti za mwaka 1958 zilikuwa zinakwenda karibu na mwendo huu huu wa leo. Sababu ni kwamba kule juu sauti inasafiri kama kilomita 1,060 kwa lisaa, na ukikaribia hapo hewa inaanza kugoma, inajikusanya mbele yako, unateketeza mafuta mengi kwa faida ndogo. Ndege iitwayo Concorde ilivuka huo ukuta, London mpaka New York kama masaa matatu na nusu, ila mafuta yalikuwa balaa na nauli ya matajiri, ikastaafu 2003. Tangu hapo pesa za utafiti zimekwenda kwenye kubana mafuta na kwenda mbali bila kusimama. Dreamliner haiendi haraka kuliko mabibi zake, inakwenda mbali zaidi kwa mafuta machache.

Mafuta yenyewe ni hadithi. Tangi la ndege kama hii linabeba mpaka lita 126,000 hivi, tani 100 za mafuta. Sasa uwanja wa Nairobi uko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi, mabawa yanapata pa kushikia padogo na injini nazo zinapungukiwa pumzi, na ikiwa mchana wa jua kali ndio kabisa. Kuondoka usiku kunasaidia maana hewa ya baridi ni nzito. Addis Ababa iko juu zaidi, zaidi ya mita 2,300, na ndio maana kwa miaka mingi ndege za shirika la Ethiopian za kwenda Washington zimekuwa zikisimama mahali njiani kunywa mafuta, lakini za kurudi zinakuja moja kwa moja bila kusimama popote. Safari ile ile, miji ile ile, ila kunyanyuka kutoka Washington palipo karibu na usawa wa bahari ni kazi nyingine na kunyanyuka kutoka mlimani ni kazi nyingine. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona wa kurudi wanawahi" usikimbilie upepo peke yake.

Njia hii ya moja kwa moja si ya zamani pia. Kenya ilipata kibali cha usalama wa anga cha Marekani Februari 2017, na Kenya Airways ikaanza kuruka Nairobi New York tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo lazima ushuke mahali.

Sasa saa ya ukutani, tuje kwenye yale masaa 7 na 22. Anza na mfano wa hapa hapa jirani. Kigali, Bujumbura, Goma, Bukavu, Lubumbashi wote wako nyuma yetu kwa lisaa limoja. Tuseme ndege inaruka Nairobi saa nne kamili asubuhi kwenda Kigali na inatumia lisaa limoja na nusu. Inatua saa tano na nusu ya Nairobi, lakini saa ya ukutani ya Kigali inasema saa nne na nusu. Kwenye tiketi umesafiri nusu saa! Ukirudi, unatoka Kigali saa nne, unatua Nairobi saa sita na nusu, tiketi inasema umetumia masaa mawili na nusu. Ndege haikubadilika, rubani hakupotea. Ongeza kwenda kimoja na kurudi kimoja, 0:30 na 2:30, unapata masaa matatu, gawa kwa mbili unapata lisaa limoja na nusu, ukweli wenyewe. Fanya hivyo hivyo kwa tiketi ya mama mdogo: 7 jumlisha 22 na nusu ni 29 na nusu, gawa kwa mbili unapata wastani wa masaa 14 na dakika 45 kila upande. Huna haja ya kujua tofauti ya saa, huna haja ya Google. Hii ya kujumlisha na kugawa kwa mbili niliituma kwenye grupu nikapata dole gumba moja tu, la kaka mkubwa, na nadhani alibonyeza kwa bahati mbaya.

Tofauti ya saa inatoka wapi? Jua linaonekana kuizunguka dunia mara moja kwa masaa 24, duara lina nyuzi 360, kwa hiyo kila nyuzi 15 ni lisaa limoja. Nairobi iko nyuzi kama 37 mashariki, New York kama 74 magharibi, jumla 111, ambayo ni kidogo zaidi ya masaa 7. Serikali zikaweka mipaka yake kwa raundi, kwa hiyo majira ya baridi ya Marekani wako nyuma yetu masaa 8, na majira ya joto ni 7, maana wao wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatuna haja. Karibu na ikweta jua linachomoza kama saa kumi na mbili mwaka mzima, na ndio maana saa ya Kiswahili inawezekana kabisa: unahesabu kutoka jua lilipotoka.

Na humo ndani ya saa ya Kiswahili kuna njia ya mkato ambayo nimeigundua kwa kupigiwa simu usiku wa manane mara nyingi. Chukua saa ya Dar kwa Kiswahili, toa mbili, unapata namba iliyoandikwa kwenye simu ya mtu wa New York. Dar saa nne asubuhi, toa mbili, huko simu inasoma 2, usiku, amelala, muache. Dar saa nane mchana, toa mbili, kwake ni 6 asubuhi, anaamka kwenda kazini. Dar saa mbili usiku, toa mbili unapata sifuri, yaani 12, kwake mchana, anakula. Hiyo ni majira ya baridi. Machi mpaka Novemba unatoa moja tu. Inafanya kazi kwa sababu Kiswahili kinatofautiana na saa ya tiketi kwa masaa 6, na New York inatofautiana nasi kwa 8, kinachobaki ni mbili.

Ila saa ya Kiswahili ikikutana na tiketi inaweza kukuchinja. Binamu yangu mwingine, sio yule wa ndege, alikuwa na tiketi ya Jumatano, 00:40. Akaisoma vizuri: saa sita na dakika arobaini usiku, Jumatano. Jumatano mchana akaenda saluni, akala na mama yake, saa tatu usiku tukamshusha uwanjani na begi la dagaa waliofungwa nailoni tatu na unga wa muhogo kilo mbili. Dada wa kaunta akaangalia pasi, akaangalia skrini, akaangalia pasi tena, akaita mwenzake. Kisha kwa sauti ya chini kabisa, "Kaka, ndege yako imeondoka leo." Leo saa ngapi? "Masaa ishirini yaliyopita." Kwa tiketi siku inaanza saa sita usiku. 00:40 ya Jumatano ni ule usiku wa kuamkia Jumatano, yaani Jumanne unakula chakula cha usiku halafu unaondoka. Kinachoniuma ni kwamba bibi yetu angeielewa ile tiketi kuliko yeye. Kwa wazee wa pwani siku inaanza jua likizama, ukimwambia bibi "usiku wa Ijumaa" anajua ni Alhamisi jioni hiyo, na "usiku wa Jumatano" kwake ni hasa ule ambao ndege iliruka. Sisi tuliosoma ndio tumebaki katikati. Kwa hiyo tiketi yoyote inayoanza na 00, 01 au 02, usiandike siku kwenye kalenda, andika "usiku wa kuamkia" halafu hiyo siku.

Turudi kwa mama mdogo na miguu yake. Anaruka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku, anaelekea magharibi, na kule magharibi usiku nao unakimbia mbele yake. Jua linamfukuza kwa nyuma lakini ndege inakimbia, kwa hiyo alfajiri inachelewa kumpata. Januari anayosafiri atakaa kwenye giza karibu masaa yote 15, usiku mrefu kuliko wowote aliowahi kulala, na akitua bado huko kuna kigiza cha asubuhi. Kwa saa ya Dar atakuwa ametua saa nane na dakika 25 mchana. Kurudi ni kinyume, anaondoka mchana, ndege inalipokea giza kwa mbele, usiku unakuwa mfupi kama wa mtu mwenye mtoto mchanga na kabla hajashiba usingizi dirisha linang'aa. Ndio maana wengi wanasema kurudi huku mashariki mwili unachelewa kuzoea kuliko kwenda.

Na masaa 15 sio safari yake yote. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Marekani, kwa hiyo lazima ashuke mahali. Angepitia Doha, kwa mfano, Dar Doha ni kama kilomita 3,800 na Doha New York kama 10,770, jumla inapita 14,500, wakati uzi wa chungwa kutoka Dar ni kama 12,440. Watu wanaona ajabu kwamba njia ndefu inaweza kuwa ya bei nafuu, ila nauli haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa viti vinavyojaa. Mashirika ya Ghuba yanakusanya watu wa miji mia wanawamwaga kwenye ndege moja kubwa. Sisi tulichagua Nairobi sababu ya konekisheni moja fupi. Hata hivyo nilimpigia hesabu ya mlango kwa mlango: Tabata anatoka saa tisa alasiri, na akigonga mlango wa binti yake kule saa tatu asubuhi ya huko, ambayo Dar ni saa kumi na moja jioni ya kesho yake, ni masaa 26. Kati ya hayo, 15 kwenye kile kiti. Nikamwambia aombe kiti cha kwenye njia, anyanyuke kila akiamka, anyooshe miguu, na vidonge vyake vya presha amuulize daktari mapema avimeze kwa saa ya wapi.

Ameshafika salama, mjukuu kamkuta ana wiki tatu. Saa ya mkononi alikataa kuibadilisha, akanunua nyingine ya bei rahisi huko. Ametuma picha amembeba mtoto, mkono wa kushoto Dar, wa kulia New Jersey. Shemeji akamuuliza kwenye grupu, "Mama, huko sasa hivi saa ngapi?"

Akajibu, "Saa mbili. Zote nimezivaa."